Wapo, Ila Wametoka

3 Februari

Kwako mdogo wangu Kijiti,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na lifti zako zinapanda na kushuka bila kukusumbua. Sisi hatujambo. Goti la shemeji yako limeanza tena kulalamika, lakini mdomo wake hauumwi, kwa hiyo nyumba haijapoa.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu wewe una haraka. Nikikuuliza jambo unasema "usijali dada, tutaongea," kisha mtandao unakatika mahali panapokufaa wewe. Karatasi haikatiki. Kaa uisome, na unijibu kwa karatasi.

Jambo lenyewe ni duka. Mwenye nyumba anataka kujua kabla ya Juni kwisha kama nitasaini mkataba mpya, na safari hii hataki wa mwaka, anataka wa miaka mitano. Nikisaini nimefungwa. Fundi cherehani ameshahama. Duka la dawa limehama, limebaki bango. Kinyozi bado yupo, ila siku hizi anajinyoa mwenyewe ili kiti kisisahau kazi. Watu wamekwenda kule mwisho wa barabara ya mabasi, kwenye nyumba mpya zenye ua, na maduka yamewafuata kama kuku wanavyomfuata anayemwaga mtama.

Huku katikati ya jiji zimebaki ofisi. Mtu wa ofisini ananunua maji, biskuti na peremende. Hakuna mtu wa ofisini anayeishiwa chumvi, Kijiti. Anayeishiwa chumvi, kiberiti na sabuni ya kufulia ni mtu anayelala hapo. Saa kumi na moja jioni wanafunga makabati yao wanaondoka, barabara inabaki na karatasi zinazopeperuka, na mimi.

Wewe kila nikikupigia unasema nisihame, lile jumba la vioo ng'ambo ya barabara limejaa watu na litanilisha mpaka nizeeke. Basi niambie watu hao wanakula nini. Jumba linakwenda mwaka wa pili tangu lifunguliwe. Jioni taa zinawaka, mapazia yapo, lakini sijamwona mtu hata mmoja akivuka barabara kuja kununua yai. Na taa zinawaka madirisha yaleyale kila siku. Mimi nimeishi na watu. Watu hawana utaratibu huo.

Na kuna kingine kinachonikereketa. Miaka yote hukuwahi kuniuliza habari za duka, ulikuwa unauliza tu kama nimekula. Tangu lini umekuwa mshauri wa biashara?

Dada yako


21 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka habari za kinyozi, mara ya pili nikajiuliza nimekukosea nini. Mtu akikutakia mema unamgeukia kama polisi.

Nakushauri kwa sababu huku nilipo nimeona miji inavyogeuka. Watu wanakimbia katikati ya jiji, wanachoka na foleni za kwenda na kurudi, wanarudi tena. Wanaporudi wanamkuta aliyevumilia, na huyo ndiye anayekula nao. Dalali wa jumba lile amesema hadharani kwamba nyumba zimeuzwa zote, haijabaki hata moja. Nyumba iliyouzwa ina mwenyewe, na mwenyewe ana tumbo. Labda wananunua vitu wakitoka kazini. Labda bado hawajakuzoea. Ungepaka rangi upya pale mbele, ukaweka friji ya maziwa.

Fikiria hivi: mtu akisimama kwenye dirisha la ghorofa ya nne akatazama chini, kitu cha kwanza anachokiona ni duka lako, na bati lako lenye yale matairi mawili chakavu na dishi lililovunjika. Huyo ni mteja wako wa kesho. Ukihama leo atamkuta nani?

Saini, dada. Mvumilivu hula mbivu.

Msalimie shemeji, mwambie goti lake lisamehewe.

Mdogo wako, Kijiti


14 Machi

Kijiti,

Salamu baadaye. Kwanza nieleze umejuaje kwamba juu ya bati langu kuna matairi.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ilibidi nimpandishe shemeji yako ngazi na goti lake lile, mimi nimeishikilia ngazi kwa mikono miwili. Akatoa kichwa juu ya bati. "Yapo mawili," akasema, "na dishi la fundi cherehani limevunjika." Akashuka, tukatazamana. Dishi hilo fundi cherehani alilipandisha mwaka juzi, na wewe hujakanyaga hapa tangu msiba wa mama. Shemeji yako anasema huenda umeota. Mimi nimekulea mgongoni, ndoto zako nazijua. Hazina matairi.

Basi juzi nikavuka barabara. Nilibeba mfuko wa machungwa, nikamwambia mlinzi kuna mteja wa ghorofa ya nne ameagiza. Ni mtu mzima, mpole, ana mvi ndevuni.

"Wa ghorofa ya nne?" akauliza.

"Wa nne."

"Hayupo."

"Basi wa ya tatu atayachukua."

"Wa ya tatu ametoka."

"Na wa ya tano?"

"Mama, wapo, ila wametoka."

"Wote?"

Akayaangalia machungwa. "Wote."

Nikamwachia machungwa kadhaa, naye akaniacha nipande nihakikishe mwenyewe. Lifti yao ni nzuri, ina kioo. Lakini kuta zake bado zimefunikwa ile nailoni ya kiwandani, haijachanika hata kona, na kwenye mfereji wa mlango kuna vumbi laini la saruji. Juu kule ukumbi ni mrefu, milango imefungwa. Hakuna kiatu mlangoni, hakuna kitunguu kinachokaangwa, hakuna redio, hakuna mtoto anayegombezwa. Nilikohoa, kikohozi changu kikatembea mpaka mwisho wa ukumbi kikanirudia.

Niliposhuka nikamuuliza mlinzi nani huwasha taa jioni. Akasema zinajiwasha. Alipokwisha kumenya chungwa la pili akasema dalali ndiye aliyeagiza, maana wanunuzi hawapendi kuonyeshwa jumba lenye giza.

Wewe ndiye fundi wa lifti. Niambie, lifti inayobeba watu inakaa na nailoni yake mpaka mwaka wa pili?

Na matairi usiyasahau.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Kuhusu matairi: dalali wa jumba lile ninafahamiana naye, na aliwahi kunitumia picha iliyopigwa dirishani. Hakuna zaidi. Samahani kwa goti la shemeji.

Sasa na mimi nina swali. Kinyozi ameniandikia. Anasema umeonekana kule mwisho wa barabara ya mabasi, wewe na shemeji, mmeshika utepe wa kupimia ndani ya chumba kitupu, na seremala yuko nanyi anaandika vipimo vya rafu kwenye ubao. Kinyozi hana sababu ya kunidanganya. Mtu akifika hatua ya rafu hahitaji tena ushauri.

Kwa hiyo ulipoandika Februari ukiniuliza, ulikuwa unaniuliza au unanipima? Umeshasaini huko? Kama umeshasaini sema, tusiandikiane kama watu wanaowindana. Unanituhumu mimi kuwa na siri, kumbe wewe unayo, tena ina chumba na mlango.

Mtaa ule ndio tuliokulia. Wakiondoka wote, na wewe ukiondoka, itabaki nini cha kurudia? Hilo ndilo ninalolifikiria. Ukiona kuna lingine, ni macho yako.

Kijiti


9 Mei

Kijiti,

Habari za lifti hukujibu. Mtu akiulizwa kuhusu kazi yake mwenyewe akanyamaza, jibu analo.

Ndiyo, nimepima chumba. Kupima si kuhama. Nilikuficha kwa sababu nilitaka kwanza nijue kwa nini unanikazania, na niliona ukijua nina pa kwenda utabadilisha maneno. Sasa sihitaji tena kukuvizia, maana sababu yako imekuja yenyewe dukani kwangu kwa miguu.

Dalali aliingia asubuhi, viatu vinang'aa. Hakununua hata kiberiti. Akaegemea kaunta.

"Mama, nasikia unataka kutuhama."

"Kuwahama akina nani?"

"Sisi wa mtaa."

"Wewe unalala mtaa huu?"

Akacheka. "Mimi nakaa kule kwenye nyumba zenye ua." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri: "Lakini ukifunga wewe, wateja nitawaonyesha nini? Na ndugu yako alinihakikishia huendi popote."

Nikaendelea kufuta kaunta. Kitambaa kilikuwa kikavu lakini nikaendelea kufuta. Nikamwambia, "Basi nipeleke nikaione nyumba yake, nijue kama mdogo wangu amepata kitu cha maana." Akadhani najua tangu zamani. Akafurahi hata akanishika mkono tukavuka barabara.

Ghorofa ya nne, Kijiti. Sebule nyeupe, jiko ambalo halijawahi kuona moto. Akavuta pazia. Nikaona bati langu, matairi mawili, dishi. Mlangoni shemeji yako amekaa, amenyoosha mguu, anasubiri mteja. Toka juu anaonekana mdogo, na amezeeka. Sikuwa nimeona kwamba amezeeka.

Dalali akasema, "Ndugu yako alisimama hapohapo ulipo, siku ya kukabidhiwa ufunguo. Alikaa sana, anatazama chini."

Kumbe ulikuja. Ulifika mpaka hapo, ikabaki barabara moja tu. Ukaniangalia kupitia kioo kama samaki wa hotelini, ukarudi zako uwanja wa ndege, na wiki ileile ukanipigia simu ukasema huko baridi ni kali.

Sasa najua kwa nini nisihame. Dalali anawavutia pazia wale wanaotaka kununua tena nyumba zenu, halafu anawaonyesha mimi. Tazama, duka hilo hapo, mtaa uko hai. Mimi na shemeji yako tumekaa mlangoni, tunakupambia dirisha. Ungeniacha nisaini miaka mitano ya uzee wangu ili nyumba yako isikose soko.

Nakuuliza moja tu, na usinizungushe. Ulikuwa unanunua nyumba ya kukaa au ya kuuza?

Mwenye duka


30 Mei

Dada,

Nimekupigia hukupokea. Nimempigia shemeji, akasema "niko juu ya ngazi" akakata.

Nilinunua ya kukaa. Nilitaka ukifungua mlango asubuhi nikupigie mluzi kutoka dirishani. Mwaka wa kwanza nikasema nitarudi mwakani. Mwaka wa pili nikasema hivyohivyo. Sikuwa na wasiwasi, nilidhani wenzangu wameshahamia na mimi ndiye niliyechelewa. Nilipoona mwenyewe sirudi nikataka kuuza, na dalali akanijibu kwamba mtaa ukifa nyumba haiuziki, dada yako asihame. Kwa hiyo ulichowaza ni kweli. Na cha kwanza nacho ni kweli. Sijui kama utaamini vyote viwili.

Habari za nailoni zilinimaliza. Huku nahudumia majumba kama lile. Lifti isiyopandwa huharibika kuliko inayopandwa. Milango inasahau kufunga, nyaya zinashika kutu mahali pamoja. Tunaitwa kutengeneza lifti ambazo hazijambeba mtu. Nilipofika kwenye mstari ule niliikunja barua nikaenda kazini, na kazi siku hiyo ilikuwa ghorofa kumi na tano za milango iliyofungwa. Ndipo nikaelewa. Tumezinunua zote, hilo dalali hakudanganya. Kila mmoja wetu yuko mbali, anadhani wengine wameshahamia, au anangoja wahamie kwanza ili mtaa uchangamke, naye ahamie.

Kutoshuka kwangu ni hivi. Ningeshuka ungeniuliza nimekuja kufanya nini. Kwenye simu naweza kukukwepa, kwenye barua naweza kukukwepa kidogo. Uso kwa uso sijawahi kuweza. Nilikuona unamfungia mteja mayai kwenye gazeti, unasema naye, unacheka. Nikasema nitashuka akiondoka mteja. Akaondoka. Sikushuka.

Usisaini kwa ajili yangu. Na kama utahama, hama kwa sababu ya duka, usihame kwa sababu ya hasira.

Kijiti


28 Juni

Kijiti,

Sijasaini. Barua yako ilinikuta nafungua maboksi huku kwenye chumba kipya, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Sikuhama kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshahama tangu Mei. Jioni moja nilisimama nje ya duka la zamani mpaka jua likazama, nikitafuta mtu yeyote anayetembea na mfuko wa kwenda nyumbani. Aliyepita ni mfagiaji, naye alikuwa anakimbilia basi. Mwenye nyumba alipokuja na mkataba nikamwambia asimame hapo kama nilivyosimama mimi. Hakusimama. Amesema atapageuza maegesho.

Kinyozi alitusaidia kupakia. Tulipofunga turubai akauliza huku kuna vinyozi wangapi.

Wateja wapo. Kabla sijapanga rafu mwanamke alikuja na mtoto kiunoni akataka sabuni, nikamuuzia kutoka kwenye boksi. Shemeji yako hapati nafasi ya kukaa, na goti linamuuma vizuri zaidi, ndivyo anavyosema.

Nimeielewa barua yako. Kukuelewa na kukusamehe ni ndugu wawili ambao hawajaonana, usiwalazimishe. Na usinitumie zawadi.

Dada yako


12 Oktoba

Dada yangu,

Kabla hujasoma tazama muhuri wa posta.

Mkataba wangu wa kazi ulikwisha, wakataka niongeze, sikuongeza. Nimehamia ghorofa ya nne. Kuja kwako na begi niliona aibu. Ungeniuliza kwa nini nalala kwako na nyumba yangu inalala tupu. Kuja bila begi nako, nikutazame kutoka kituo cha basi kama mpelelezi, hapana. Nimefanya hivyo mara moja, imetosha. Nikaona nianze na barua, unijibu ukipenda.

Siku ya kwanza nilitafuta mkate. Nilizunguka mitaa yote tuliyocheza utotoni, nikauliza kwa mlinzi wa benki, akanitazama kama nimeuliza ng'ombe. Mkate niliupata baada ya kupanda basi. Usiku huohuo sikulalamika, maana nilijua nani amesababisha: mimi na wenzangu wote wenye funguo.

Siku zilizofuata nikaanza kugonga milango. Mingi haikuitika. Ghorofa ya saba akafungua bibi mmoja, mwalimu mstaafu, amehamia Julai na wajukuu wawili. Alikuwa akisikia lifti anadhani ni mlinzi anafanya doria. Mlinzi naye akisikia maji yakitiririka anadhani bomba limepasuka. Ghorofa ya pili wapo mume na mke, wauguzi, wanalala mchana. Wamekaa pale tangu Januari. Wewe hukuwaona kwa sababu wakati unafunga duka ndio walikuwa wanaamka. Kwa hiyo hukukosea, ila hukupata yote.

Nimewaandikia wenye nyumba walioko mbali. Nimewaambia mimi nimehamia na sijafa. Wawili wamekubali kupangisha badala ya kungoja bei ipande, na familia moja imeshaleta vitanda. Wengine hawajajibu. Dalali hanisalimii siku hizi.

Jumapili tulikaa kwenye ngazi, wote tuliopo, tukazungumza. Mwalimu akasema hajawahi kujua jina la jirani tangu ahamie. Tulipoachana kila mtu alikuwa na malalamiko yaleyale: hakuna pa kununua kitunguu. Nikasema ninamjua mtu. Sikuahidi chochote, nimesema tu ninamjua.

Mdogo wako, Kijiti


19 Oktoba

Kijiti,

Muhuri niliuona kabla ya kuifungua, nikamwonyesha shemeji yako. "Yuko hapa," akasema. Nikamwambia, "Anadai yuko hapa."

Nimemtuma kinyozi akachungulie, maana bado ana kiti chake kule. Amesema ni kweli kuna mtu ghorofa ya nne, ameanika shati dirishani, na limeanikwa vibaya. Hapo nikaamini kidogo. Kuanika nguo hata mama alishindwa kukufundisha.

Sasa tuzungumze kama watu wa kazi. Wachache mlivyo hamuwezi kulisha duka, hata mkila kwa zamu. Duka lina kodi, lina umeme, lina panya. Ukinishawishi nirudi na rafu zangu nitajua dalali anakusalimia kwa siri. Huku nilipo nimepata watu, na siwaachi.

Ila mnaweza kulisha kapu. Jumamosi asubuhi nitakuja na mkokoteni. Shemeji yako amesema ataukokota, tumeona ni vizuri tusibishane naye. Nitaleta vitunguu, mchele, mafuta, mayai, na mkate kwa wajukuu wa mwalimu. Nitakaa pale chini, nje ya mlango wenu. Sipandi kwa mtu. Wanaotaka washuke. Nikiona inafaa nitakuja Jumamosi nyingine, na mkizidi kuwa wengi tutaona.

Nataka niwaone kwa macho yangu. Mtu anayeishi mahali akishuka kununua kitunguu hushuka na ndala, nywele hazijachanwa, anakumbuka njiani kwamba pesa ameiacha juu. Wewe pia ushuke hivyohivyo.

Wakija wamechana nywele na wamevaa viatu vya kutokea, nitajua umewakodi, na nitageuza mkokoteni.

Dada yako